Kura ya Shilo na Kura ya Bunge

Julai 23, 2025, wabunge wa Israeli walipiga kura juu ya nchi. Walioafiki walikuwa 71, waliokataa 13, na hoja ikapita: Ukingo wa Magharibi, ambao hoja yenyewe iliuita Yudea na Samaria, uwekwe chini ya mamlaka ya Israeli pamoja na Bonde la Yordani. Haikuwa sheria. Ilikuwa tamko la msimamo, lisiloilazimisha serikali kufanya lolote. Lakini siku mbili hazikupita kabla sijatumiwa kwenye simu ramani ninayoifahamu tangu utotoni, ile ya kurasa za mwisho za Biblia, makabila ya Israeli yakiwa yamepakwa rangi kama vipande vya kitenge: Yuda kahawia, Efraimu kijani, Benyamini kipande chembamba cha njano katikati yao. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Mungu aligawa zamani, Bunge limethibitisha tu."

Kiswahili chetu kinachangia kosa hili. Watafsiri wa Biblia walipolikuta neno la Kiebrania goral, yaani kile kijiwe au kitu kingine kilichotupwa ili kupata uamuzi, waliandika kura. Na kura hiyohiyo ndiyo karatasi tunayotumbukiza kwenye sanduku siku ya uchaguzi. Kwa hiyo msomaji wetu anasikia kwamba Yoshua alipiga kura kule Shilo kuyagawia makabila nchi, na wabunge nao wamepiga kura, akaona ni kazi moja inaendelea. Ni kazi mbili zinazopingana. Kura ya Bunge humpa mwenye watu wengi anachokitaka. Kura ya Shilo iliwekwa ili mwenye watu wengi asijichukulie anachokitaka. Nami nashikilia hivi: kilichohifadhiwa katika Hesabu na Yoshua ni utaratibu wa ndugu kugawana bila kudhulumiana, wala si hati miliki ya kwenda kumwonyesha jirani. Na ramani tunayoipenda haikuwahi kulingana na ardhi, hata ndani ya kitabu kilichoichora.

Tuanze na jinsi kazi ilivyofanyika, maana sura hizi wengi wetu tunaziruka kama tunavyoruka orodha ya wachangiaji wa harusi. Katika uwanda wa Moabu, ng'ambo ya Yeriko, wanahesabiwa wanaume wa miaka 20 na kuendelea, nao wanafika 601,730. Kisha yanatolewa maagizo mawili kwa pumzi moja: kabila lenye wengi lipewe zaidi na lenye wachache lipewe kidogo, halafu, nchi igawanywe kwa kura. Ukiyatazama vizuri yanagongana. Ikiwa ukubwa wa eneo unafuata hesabu ya watu, kura ni ya nini? Njia mojawapo ambayo wafafanuzi wameyapatanisha ni kusema kura iliamua mahali, hesabu ikaamua kiasi. Huenda. Lakini mwandishi hakujishughulisha kutufafanulia, na mgongano huo unaonyesha hofu mbili alizotaka kuzizuia kwa pamoja: mdogo kumezwa na mkubwa, na mkubwa kulalamika kwamba amebanwa.

Halafu njoo Shilo, Yoshua sura ya 18. Makabila saba hayajapata kitu, na mzee Yoshua anawauliza watalegea mpaka lini. Anaagiza kila kabila litoe watu watatu. Hao wanaondoka kwa miguu, wanapita nchi nzima, wanaandika mji kwa mji katika kitabu, wanaigawa katika mafungu saba, wanarudi kambini na maandishi yao. Ndipo kura inapigwa. Angalia mpangilio huo: wapimaji kwanza, kura baadaye. Aliyechora mpaka hakujua fungu lipi lingekuwa la watoto wake. Mama yeyote mwenye watoto wawili wagomvi anaijua hekima hii: mmoja apakue, mwingine achague sahani. Na Yoshua mwenyewe, aliyeongoza vita, anapewa chake wengine wote wakishapata, nacho ni Timnath-sera, mji wa milimani kwa Efraimu ambao ilimbidi aujenge kwanza ndipo akae. Kamanda anayegawa nchi na kupokea wa mwisho ni kiumbe adimu, kwetu na kwao pia.

Na waliogawiwa hawakuwa dola. Fungu la kabila lilishuka "kwa jamaa zao", maneno yanayorudiwa hadi yanachosha, likafika kwenye ukoo, kisha kwenye nyumba. Walawi 25 inaweka msingi wake wazi: ardhi haiuzwi moja kwa moja, kwa sababu ni ya Mungu, na Waisraeli wenyewe wanaitwa wageni na wapitaji juu yake. Anayeuza shamba kwa shida anauza mavuno ya miaka iliyobaki mpaka yubile, mwaka wa 50, shamba lirudi kwa wenyewe. Ndiyo maana Nabothi wa Yezreeli alimkatalia mfalme Ahabu shamba la mizabibu hata alipoahidiwa lililo bora zaidi au fedha yake kamili. Hakuwa anashindana bei. Alikuwa anamwambia mfalme kwamba kitu hicho si chake kukiuza, wala si cha mfalme kukitaka. Walimpiga kwa mawe mpaka akafa, kwa mashahidi wa uongo na barua zenye muhuri wa ikulu. Kwa hiyo aliyeivunja kura ya Shilo waziwazi, tena kwa karatasi za serikali, alikuwa mfalme wa Israeli akimdhulumu Mwisraeli.

Hapa kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii, nami nitakaa nacho kidogo. Mabinti watano wa Selofehadi, wa kabila la Manase, walimwendea Musa mbele ya kusanyiko zima: baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, je, jina lake lifutwe kwa sababu hiyo? Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Walishinda, ingawa katika Hesabu 36 wazee wa ukoo walirudi na sharti lao: waolewe ndani ya kabila, ardhi isihame. Ni hadithi nzuri ya kuhubiri, na mtu angeweza kuiacha hapo. Lakini mwaka 1910 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na George Reisner, waliokota katika magofu ya ikulu ya Samaria vigae vingi vilivyoandikwa kwa wino. Ni stakabadhi tu, za karne ya 8 KK: mwaka wa kumi, kutoka mahali fulani, kwa fulani, mtungi wa divai kuukuu, au mtungi wa mafuta safi. Na miongoni mwa maeneo yaliyoleta mitungi yamo Shekemu, Abiezeri, Shemida, Heleki, Asrieli, ambayo ni majina ya koo za Manase katika Yoshua 17, na pamoja nayo Hogla na Noa. Karani wa stoo ya mfalme, asiye na habari na mahubiri yetu, aliandika majina ya mabinti wawili wa Selofehadi kama majina ya kata zinazolipa kodi ya divai.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema habari nzima ya magawio ni uzushi wa makarani wa baadaye. Wana hoja, tena si ndogo. Mjerumani Albrecht Alt alionyesha karne iliyopita kwamba orodha ya miji ya Yuda katika Yoshua 15 inafanana na orodha ya wilaya za kiserikali, naye akaiweka katika enzi ya mfalme Yosia, karne ya 7 KK. Mafungu mengine yana mpaka uliochorwa kituo kwa kituo, kutoka chemchemi mpaka jiwe, huku mengine yakiwa na majina ya miji tu bila mstari. Kitabu kimeshonwa kutoka vitambaa vya nyakati mbalimbali, na mshono unaonekana. Hilo nalipokea. Ila kutoka "orodha imeandikwa baadaye" mpaka "hakukuwa na koo wala mashamba yao" ni kuruka mto mpana. Vigae vya Samaria vinakataa. Jiwe la mfalme Mesha wa Moabu, lililopatikana Dhiban mwaka 1868, linakataa pia: adui huyo wa Israeli anajigamba kwamba ameutwaa mji wa Atarothi, na anasema mwenyewe kwamba watu wa Gadi walikuwa wamekaa katika nchi ya Atarothi tangu zamani. Adui anapokushuhudia ukazi, huna haja ya shahidi mwingine. Ukazi ulikuwepo. Swali ni kama ulikaa ndani ya mistari ya ramani.

Haukukaa, na anayetuambia ni Biblia. Chukua Gadi huyohuyo: Hesabu 32 inasema ndiye aliyejenga Diboni, lakini Yoshua 13 inaiweka Diboni katika fungu la Reubeni. Simeoni, aliyeporomoka kutoka watu 59,300 katika hesabu ya kwanza hadi 22,200 katika ya pili, hakupata mpaka wake kabisa. Alipewa vijiji ndani ya fungu la Yuda, kwa sababu, kitabu kinasema, Yuda alikuwa amepewa kubwa mno. Kura ya Mungu ikasahihishwa kimyakimya kama mahesabu ya duka. Dani, wa pili kwa wingi kati ya makabila yote akiwa na watu 64,400, alipata ukanda mwembamba kuelekea Yafo, akashindwa kuushika, akahamia kaskazini kabisa na kuupora mji wa Laishi, ambao Waamuzi 18 inausimulia kama mji wa watu watulivu wasio na shaka na mtu. Mwandishi hawasifu wana wa Dani kwa hilo. Ndiyo maana kwenye ramani za Biblia Dani ana madoa mawili ya rangi moja, huku na kule, na sisi tulipokuwa watoto tulidhani mchoraji alidondosha rangi.

Gezeri ni kioja zaidi. Yoshua 16 inaliweka kwa Efraimu na hapohapo inakiri kwamba Wakanaani wa Gezeri hawakufukuzwa. Vizazi vikapita. Mwishowe, asema 1 Wafalme 9, Farao wa Misri ndiye aliyeuteka mji huo na kuuteketeza, akampa binti yake aliyeolewa na Sulemani. Fungu lililotoka kwa kura ya Mungu likaingia mikononi mwa Israeli kama zawadi ya arusi kutoka kwa Farao! Na katika sura hiyohiyo Sulemani anamkabidhi Hiramu mfalme wa Tiro, aliyempa mierezi na dhahabu, miji 20 ya Galilaya. Nchi hiyo ikaitwa Kabuli, na Kabuli ni jina tunalolikuta katika mpaka wa Asheri, Yoshua 19. Sioni mahali popote wana wa Asheri wanaulizwa.

Yerusalemu nayo? Yoshua 15:63 inasema wana wa Yuda hawakuweza kuwafukuza Wayebusi waliokaa humo. Waamuzi 1:21 inaileta sentensi ileile karibu neno kwa neno, ila sasa walioshindwa ni wana wa Benyamini. Na mistari michache kabla yake, Waamuzi 1:8, Yuda ameshaupiga mji na kuuchoma moto. Gaza, ambayo siku hizi hakuna asiyeitaja, imo katika orodha ya Yuda, Yoshua 15:47. Lakini Yoshua 13 inaihesabu katika nchi iliyobaki bila kumilikiwa. Waamuzi 1:18 kwa Kiebrania inasema Yuda aliitwaa. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inasema hakuitwaa, na mstari unaofuata unaeleza kwamba wakazi wa bondeni hawakufukuzika kwa kuwa walikuwa na magari ya chuma. Mtu anayetaka kutoa hati miliki ya Gaza katika mistari hii achague kwanza lugha ya kuisomea.

Lakini mji ninaouona unavunja ramani kuliko yote ni Hebroni, kwa sababu ndio unaogombewa vikali mpaka leo. Itifaki ya Januari 1997 iliukata vipande viwili, H1 chini ya Mamlaka ya Palestina na H2 chini ya Israeli. Katika Yoshua 14 mji huo unakwenda kwa Kalebu, mzee wa miaka 85 anayesema bado ana nguvu kama siku Musa alipomtuma kupeleleza. Na Kalebu ni nani? Kitabu kinamwita mwana wa Yefune, Mkenizi. Wakenizi wamo katika Mwanzo 15:19, kwenye orodha ileile ya mataifa ambayo nchi yao iliahidiwa uzao wa Ibrahimu. Kwa maneno mengine, mji wenye kaburi la Ibrahimu walipewa jamaa ambao kwa asili walihesabiwa katika orodha ya wa kunyang'anywa, kwa sababu tu Kalebu alikuwa mwaminifu. Na haikuishia hapo. Sura ya 21 inautoa mji wenyewe kwa makuhani wa ukoo wa Kohathi. Kalebu anabaki na mashamba na vijiji. Sura ya 20 imeshaufanya mji wa makimbilio, ambako aliyeua bila kukusudia anakimbilia asiuawe na mlipiza kisasi, na Hesabu 35:15 inasema kimbilio hilo ni la Mwisraeli, la mgeni, na la anayeketi kati yao. Haki tatu juu ya mji mmoja: ya mkulima mwenye asili ya nje, ya kuhani asiye na shamba, ya mtoro wa taifa lolote. Ramani ya rangi moja haina mahali pa kuonyesha kitu kama hicho.

Sasa niwatendee haki wanaosimama upande wa pili, maana wapo wenye hoja nzito kuliko ile ya chini ya ramani. Wanasema: achana na mistari, ahadi yenyewe inatangulia kura. Mwanzo 17:8 inaiita nchi ya Kanaani milki ya milele. Mpaka ukikosewa, mwenye ahadi hajabadilika. Hiyo ni hoja ya mtu aliyesoma. Lakini Torati hiyohiyo inasema katika Walawi 18 kwamba nchi itawatapika wakazi wake wapya kama ilivyowatapika wa kwanza, ikiwa watafanya yaleyale. Na baada ya mwaka 722 KK Samaria ilipoanguka mbele ya Waashuru, na Yerusalemu mbele ya Babeli mwanzoni mwa karne ya 6 KK, manabii waliusoma uhamisho kwa macho hayo. Zaidi ya hapo, Kumbukumbu la Torati sura ya 2 inatumia lugha ya urithi kwa majirani: Mungu amempa Esau mlima Seiri, amewapa wana wa Lutu nchi ya Moabu na ya Amoni, na Israeli wanakatazwa kugusa hata pa kukanyaga unyayo. Kama kupewa nchi na Mungu ni hati inayomnyamazisha jirani, basi jirani naye anayo yake, imetolewa na mkono uleule.

Kuna pia waliobeba maandiko haya kwa karne nyingi kuliko sisi, marabi, na inashangaza jinsi tunavyowazungumzia bila kuwasikiliza. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho yao, inafundisha kwamba yubile ilikoma tangu Reubeni, Gadi na nusu ya Manase walipopelekwa uhamishoni, kwa kuwa sheria yake inahitaji wakazi wote wawe mahali pao. Mishna, sehemu yake ya kale zaidi, katika kitabu kiitwacho Yadayimu, inamleta Yehuda, Mwamoni aliyeongoka, akiuliza kama anaruhusiwa kuingia katika kusanyiko. Rabani Gamalieli anakataa. Rabi Yoshua anajibu kwamba Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alishapita akayachanganya mataifa yote. Nani leo atamtambua Mwamoni? Wakamruhusu. Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, aliandika kuhusu yale mataifa saba ya Kanaani kwamba kumbukumbu lao limeshapotea. Ukimwita Mpalestina Mkanaani ili kumwelekezea amri za Yoshua, hiyo ni fasiri ambayo mapokeo ya Kiyahudi yenyewe yalishaifungia mlango.

Upande wangu nao una kidonda, siwezi kukifunika kwa sifa za Shilo. Ndugu hawawezi kugawana kitu kabla hakijatwaliwa. Kabla ya sura za kura kuna sura za moto: Yeriko, Ai, Hazori, na amri ya kutoacha chenye pumzi. Wapalestina, na wengi katika nchi zilizotawaliwa na walowezi, wanauliza kwa haki kuna faida gani kusifia mizani ya wagawaji wakati mwenye mali amelala kaburini. Sina jibu linalomaliza swali hilo. Naona tu kwamba kitabu kinachojivuna kwamba wote waliangamizwa ndicho hichohicho kinachotaja, kabila baada ya kabila, kwamba hawakuangamizwa: Rahabu alikaa Israeli "hata leo", Wagibeoni wakachota maji ya madhabahu, Wakanaani wakabaki Beth-sheani, Taanaki, Dori, Ibleamu na Megido. Sauti ya mhubiri wa vita na sauti ya karani wa ardhi hazikubaliani ndani ya kitabu kimoja, na mimi kwenye mambo ya ardhi namwamini karani.

Turudi kwa sentensi ya chini ya ramani. "Bunge limethibitisha tu" ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeitekeleza, hata wanaoitamka. Ramani ya Yoshua inajumuisha Reubeni, Gadi na nusu ya Manase mashariki ya Yordani, ambako leo ni ufalme wa Yordani na sehemu ya Golani; hoja ya Julai haikugusa ufalme huo. Ramani ya Hesabu 34 kwa upande wake inaufanya mto Yordani kuwa mpaka wa mashariki, na hiyo haitumwi kwenye simu. Mkusanyiko mkubwa zaidi wa watu katika Israeli ya leo uko pwani, kuzunguka Tel Aviv, eneo liitwalo Gush Dan, yaani fungu lilelile ambalo Dani alilikimbia. Na lile agizo la kura lilitaka nyumba za ukoo, huku leo, nje ya familia za makuhani na Walawi, ni nadra Myahudi kudai kabila lake. Hata harakati za Kizayuni zenyewe hazikuanza na ramani. Mwaka 1903 mkutano wao wa Basel ulikubali kutuma tume kuchunguza ardhi ambayo Uingereza ilipendekeza kuwapa huko Uasin Gishu, katika Kenya ya leo, bila kuwauliza Wanandi wala Wamaasai. Ukaikataa mwaka 1905. Kilichochukuliwa mapema kutoka kwenye maandiko kilikuwa cha Walawi 25: mfuko wa ardhi uliofunguliwa mwaka 1901 ulikodisha mashamba kwa miaka 49, na sheria ya msingi ya mwaka 1960 ikakataza kuuza ardhi ya umma, ambayo ni takriban asilimia 93 ya nchi. Kwamba humo mna mashamba ya Wapalestina walioondoka mwaka 1948, na kwamba mfuko huo umelaumiwa kwa kuwabagua raia Waarabu, ni sehemu ya yubile ambayo hawakuikumbuka.

Na kama ni lazima kunukuu ramani, iko ya mwisho, ambayo sijawahi kuiona imepakwa rangi na kutumwa kwa mtu. Ezekieli aliichora akiwa uhamishoni, mwaka wa 25 tangu apelekwe mateka. Humo hesabu za Musa zimewekwa kando: kila kabila linapata ukanda ulionyooka kutoka mashariki hadi magharibi, sawa na mwenzake. Dani yuko kaskazini kabisa, Gadi amevushwa Yordani na kuwekwa kusini kabisa, Reubeni kahamishiwa jirani na Yuda. Yuda yuko kaskazini ya patakatifu na Benyamini kusini, kinyume na walivyokaa miaka yote. Mtawala anakatazwa kugusa urithi wa watu. Halafu katika 47:22 na 23 wageni wanaokaa kati yao na kuzaa watoto kati yao wanahesabiwa kama wazaliwa, nao wanapigiwa kura pamoja na makabila, mgeni akipewa urithi wake katika kabila lile anamokaa.

Julai hiyohiyo ya 2025, wiki mbili hivi kabla Bunge halijapiga kura, moto uliwaka karibu na magofu ya kanisa la Mtakatifu George huko Taybeh, mji wa Wakristo Wapalestina mashariki ya Ramallah. Viongozi wa makanisa ya Yerusalemu walifika na kuwalaumu walowezi. Wengi huutambua Taybeh na Ofra wa Yoshua 18:23, mji wa gawio la Benyamini. Nimeikuza ile ramani kwa vidole viwili mpaka herufi zikapasuka. Ofra haimo, Taybeh haimo. Pana njano tu.